Mama, hakuna aliyekuwa ananifukuza: barua kwenu wote wa Mikindani

Mama shikamoo, Bibi shikamoo, Dada shikamoo. Wadogo zangu hamjambo wote. Wewe unayeshika simu naomba usome kwa sauti na usome taratibu, Bibi akisema rudia hapo we rudia, maana hii nimeiandika siku nne, kidogo kwenye basi, kidogo kazini saa ya mapumziko, nyingine jana usiku baada ya shifti nikiwa hata viatu sijavua.

Mama ile Jumapili uliniuliza "sasa mwanangu huko porini nani alikuwa anakufukuza?" afu mtandao ukakata, na nilivyopiga tena Dada akasema umeshalala. Swali lako nimekaa nalo wiki nzima. Najua pia Shangazi ameshaambiwa na watu kwamba nimekonda, nakimbia maporini na wazungu, sijui nimeacha kazi. Kazi sijaacha Mama. Nipo palepale kwenye nyumba ya wazee, nawaogesha, nawalisha, nawatoa bustanini jua likitoka, na mshahara unaingia kila mwezi. Hili la kukimbia ni la siku zangu za kupumzika, na nataka niwaeleze lote ili mtu akiwauliza pale sokoni muwe na la kumjibu.

Mnakumbuka mwaka wa kwanza nilivyokuwa nawapigia nalia. Kipindi cha baridi huku jua linazama saa kumi jioni, yani unatoka shifti ya usiku asubuhi unalala, unaamka giza limesharudi, unaoga unarudi kazini, wiki inaisha sijaongea Kiswahili na mtu ila nyinyi. Ndo ile Idi niliyokutana msikitini na shoga yangu wa Tanga, nilisema tu "jamani" kwa sauti ndogo nilipokuwa natafuta viatu vyangu mlangoni, akageuka akaniuliza wewe wa wapi. Nikamwambia Mtwara, Mikindani. Alinikumbatia kama tumezaliwa tumbo moja. Mama wewe mwenyewe unamwita Mtanga na mimi nitamwita hivohivo humu.

Yeye ndo alinitoa ndani. Jumamosi moja saa mbili asubuhi akaja kunigongea, akasema vaa raba twende bustanini, kuna watu wanakimbia kilomita 5 bure. Wanaita parkrun, ilianza mwaka 2004 kwenye bustani moja ya London, Bushy Park, watu 13 tu siku ya kwanza, sa hivi ipo nchi nyingi. Ile siku ya kwanza nilikimbia labda nusu, nyingine nikatembea nimeshika kiuno, na Mtanga angeweza kwenda zake maana yeye alishazoea, lakini alikuwa anafika mbele anarudi nyuma kunifuata, anafika mbele anarudi. Yani yeye alikimbia labda kilomita 7. Wiki ya pili hivohivo. Nilikuja kuzoea, na toka hapo tukaanza kutoka nje ya mji, Jumapili tukiwa wote hatuna zamu, kilomita 8, 12, 20, kwenye vilima vya huku pwani.

Sasa hii safari yenyewe. Kuna chama cha watu wanaopenda kutembea mbali kinaitwa Long Distance Walkers Association, kipo toka mwaka 1972, na kina matawi kila pembe ya Uingereza. Wale wenye moyo mgumu kabisa wanafanya maili 100 mara moja kwa mwaka, ni kilomita 160, kwa saa 48, usiku wanatembea na tochi hawalali. Sisi hatujafika huko. Yetu ilikuwa kilomita 47, siku moja, pauni 12 kwa mtu, kama elfu arobaini za nyumbani, na ndani ya hela hiyo wanakulisha njia nzima. Kutembea ruksa, kukimbia ruksa, ukichanganya ruksa. Sio mashindano. Hakuna wa kwanza anayepigiwa makofi kuliko wa mwisho, ukifika ndani ya muda unapewa cheti na sahani ya chakula, basi.

Na njia haina kamba wala mtu wa kukuonyesha. Wanakupa karatasi imeandikwa maneno, pita lango la mbao, fuata uzio mita 200, ukiona mti mkubwa shika kulia. Unaisoma huku unakwenda. Afu unavaa kadi shingoni, kila kituo wanaitoboa tundu ili ijulikane hukukata njia. Na kwenye orodha ya vitu vya lazima, pamoja na koti la mvua na filimbi na ramani, wameandika kila mtu aje na kikombe chake. Mama, nilivyosoma hapo nilifungua kabati nikatoa kile kikombe cha bati cha bluu ulichonifungia kwenye kanga nilivyokuwa naondoka. Nimekining'iniza nyuma ya begi, kikawa kinagonga kong kong njia nzima, kuna mzee mmoja tulimpita akasema nimewasikia mnakuja toka mbali, sauti nzuri.

Nguo msihofu. Suruali ndefu, fulana ya mikono mirefu, hijabu ile nyepesi ya michezo. Mtanga hivohivo. Hakuna aliyetuangalia vibaya.

Tulianzia Eastbourne, mji wa pwani, saa mbili asubuhi, mwisho wa mwezi wa tano, kipindi ambacho huku jua linachomoza saa kumi na moja alfajiri na linazama karibu saa tatu usiku. Hapohapo nje ya mji unaanza kupanda. Njia kubwa ya vile vilima wanaiita South Downs Way, inatoka Winchester hadi Eastbourne, kilomita 160, sisi tulichukua kipande chake cha mwisho na kuzunguka. Na ardhi yake sasa, hapa ndo nilitaka Mjomba fundi angekuwepo. Vile vilima vyote ni chokaa. Chini ya nyasi kidole kimoja tu unakutana na nyeupe, ukishika inaacha unga mkononi, kama ule unga unaobaki mkononi ukipapasa kuta za zile nyumba za kale pale kwetu zilizojengwa kwa matumbawe. Na asili yake ni moja na yetu, ni viumbe vidogo vya bahari vilivyokufa vikajipanga chini ya maji miaka mamilioni, ila vya huku vidogo hata jicho halivioni. Ndani yake kuna mawe ya gumegume, meusi, makali, ukikanyaga vibaya unayasikia mpaka kwenye nyonga. Na chokaa ikilowa inateleza kama mlenda, usiku wake ilinyesha kwa hiyo ule mteremko wa kwanza tuliteremka tumeshikana mikono.

Mama najua utauliza, mnakatizaje mashamba ya watu hamfukuzwi? Hata mimi ndo kitu kilichonishangaza kuliko vyote. Huku kuna njia za miguu za zamani zinazopita katikati ya shamba la mtu, na sheria inasema mwenye shamba hana ruhusa ya kuziba, hata kama amelima lazima aache kipande watu wapite. Kwenye nguzo kuna mshale, wa njano ni njia ya waenda kwa miguu, wa bluu hata farasi na baiskeli wanapita. Kwenye uzio wanaweka ngazi ya kuvukia au kilango cha kupita mtu mmoja mmoja, kondoo hawezi kutoka. Tumepita katikati ya ngano inafika kiunoni, tumepita katikati ya kondoo na watoto wao, tumepita uani kabisa kwa mtu, mbwa amelala, mwenyewe ananyweshea maua akatuambia habari za asubuhi. Lakini haya hayakuja hivihivi. Mwaka 1932 watu wa viwandani kule kaskazini waliingia kwa makusudi kwenye mlima wa matajiri unaitwa Kinder Scout, wakisema na sisi tuna haki ya kutembea, baadhi wakafungwa jela. Nilivyosoma habari hiyo nilizipenda zile ngazi za mbao, kila nikivuka naishika kwa adabu.

Basi tukapanda Windover. Ubavuni mwa huo mlima kuna mtu amechorwa mkubwa ajabu, urefu wake kama mita 72, ameshika fimbo mbili huku na huku. Wanamwita Long Man of Wilmington. Njia inapita juu ya kichwa chake kwa hiyo ukiwa pale humuoni, unaona tu nyasi na bonde, Mtanga akasema tunapita utosini kwa mzee na viatu, akavua kofia. Toka hapo ni mteremko mpaka kijiji cha Alfriston, kituo cha kwanza.

Vituo Mama! Mama watu wazima, wengine miaka sabini, wamejitolea, hawalipwi senti, wameamka usiku kukata mikate. Meza imejaa keki za nyumbani, machungwa, tikiti, viazi vidogo vya kuchemsha vimechovywa chumvi, sandwichi za mayai na jibini na nyingine za nyama, na mama mmoja alivyotuona tu akatoa sahani pembeni akasema hizi hazijagusana na nyama, nimewatengea. Hatukumuomba. Akajaza chai kwenye kikombe changu cha bati mpaka juu. Na mimi nikatoa zile korosho Dada ulizokaanga ukampa mgeni aniletee, nikamwagia kwenye sahani yao. Nikawaambia zimetoka Mtwara, kwetu ndo mama wa korosho. Ziliisha pale pale. Wakauliza zinaotaje, nikawaeleza bibo na korosho yake inayoning'inia chini, jinsi tunavyopuliza salfa mwezi wa sita, jinsi ganda lake linavyobabua vidole, hawakuwa wanajua kabisa kwamba korosho moja ina tunda lake. Karibu tuchelewe.

Cha kula njiani nitasema neno moja, na hili mdogo wangu lishike. Usingoje njaa. Ukingoja njaa umechelewa, unakula tumbo linakataa. Kila nusu saa kitu kidogo, tende, kipande cha kiazi, korosho tano sita, na maji kidogo kidogo. Kilimani unatembea, tena hatua fupi, tambarare unakimbia kasi ambayo bado unaweza kuongea na mwenzio, ukiona huwezi kumaliza sentensi punguza. Mtanga ndo kipimo changu, akinyamaza najua tumezidisha. Nilitamani ningekuwa na ming'oko mfukoni, vile viazi vyetu vya porini, ya kuchemsha, hakuna chakula cha safari kinachoshinda ming'oko.

Baada ya Alfriston tukapanda tena mgongo mrefu wa kwenda Firle Beacon, mita 217. Sio mrefu ukisikia namba, ila umetoka chini kabisa karibu na mto. Juu pale upepo, nyasi fupi zimekatwa na meno ya kondoo, ndege wanaimba angani huwaoni walipo, upande mmoja bahari inang'aa upande mwingine mashamba mpaka mwisho wa macho. Adhuhuri ikatukuta hukohuko. Tukatandika makoti ya mvua. Kibla huku ni kusini mashariki, na ukisogeza shingo kidogo tu kulia ndo upande wa nyumbani kwetu, nililiangalia kwenye ramani siku nyingi zilizopita kwa hiyo nalijua. Nilivyotoa salamu nikakaa kidogo. Nikawaombea mmoja mmoja kwa jina, Bibi na macho yako, Dada na mimba.

Labda ndo sababu tulipotea. Tulisimama tukiwa na furaha, tukakimbia mbele ya watu wawili waliovaa mabegi, tukaendelea kwenye mgongo wa mlima, tunaongea mambo ya Tanga na Mtwara, nani ana nazi tamu, kumbe wale hawamo kwenye safari yetu wanatembea zao tu, na kona ya kuteremka kijijini ilishapita zamani. Mtanga akaangalia karatasi, akaangalia ramani kwenye simu, akasema shoga turudi. Kilomita moja na nusu kurudi nyuma. Ndo maana nasema karatasi ilikuwa na 47 na sisi tulifanya 50. Sikumlaumu na hakunilaumu, tulikuwa tunaongea wote wawili.

Kurudi Alfriston tulipita chini ya mlima, njia ya zamani ya magari ya farasi, tope na kivuli, hapo hakuna cha kusimulia, tulikaza tu. Alfriston mara ya pili wakatoboa kadi, tukanywa, tukafuata mto wa Cuckmere ambao unakwenda umejikunja kama kamba iliyotupwa chini.

Sasa msome hapa vizuri.

Baada ya kijiji cha Litlington kuna msitu, na ndani ya msitu kuna ngazi, nyingi, zinateremka. Tumeshakwenda kama kilomita 35. Mtanga hapo kabla alikuwa kimya kama dakika ishirini na mimi nikajua kuna jambo ila nikanyamaza. Kwenye ngazi ya tatu ya nne hivi misuli ya paja ikamkaza, akapiga ukelele, akakaa chini. Nikamnyoosha mguu kama anavyonifanyiaga. Ukaachia, ukakamata wa pili. Afu akatapika. Akawa mweupe midomoni, jasho la baridi. Nikampa maji akayarudisha. Nilikuwa na nguvu Mama, sijawahi kujisikia na nguvu vile mwilini mwangu, miguu mizuri, na muda ulikuwepo. Akaniambia, wewe nenda. Mimi nitapiga ile namba ya kwenye kadi watakuja na gari, wewe nenda umalize, ulivyohangaika miezi yote hii usipoteze kwa ajili yangu.

Nikakaa pembeni yake kwenye ngazi. Nikamkumbuka Bibi.

Bibi, ile hadithi yako ya maji. Ulivyokuwa unatuambia tukiwa wadogo, kwamba Newala kule juu hakuna kisima, hakuna mto, mnatoka alfajiri kuku hawajawika na mitungi, mnateremka ule mteremko wote wa Makonde mpaka bondeni, mnachota, afu mnapanda nayo kichwani. Na ulisema hakuna mwanamke aliyekwenda peke yake. Na ulisema mtungi wa mwenzio ukimwagika njiani hamrudi naye kuchota, maana jua litawakuta, mnapunguza kila mmoja wenu kidogo mnamjazia, mnafika wote na maji pungufu. Mimi nilivyokuwa mtoto nilikuwa nauliza kwa nini yeye asirudi mwenyewe, uliniangalia tu ukaendelea kuchambua mchicha.

Basi nikamsimulia Mtanga hadithi yote hiyo, taratibu, tumekaa kwenye ngazi, watu wanapita wanauliza mko sawa tunasema tuko sawa. Nikamwambia hatuendi kwa kukimbia tena. Tutakunywa maji kijiko kijiko, utalamba chumvi, tukifika Exceat, kituo cha mbele, ukiona huwezi tutaita gari na tutapanda wote. Alilia kidogo. Akalamba chumvi niliyokuwa nayo kwenye kikaratasi, akatafuna korosho moja, moja tu, akaimeza ikakaa. Baada ya robo saa, korosho ya pili. Tukasimama.

Kituo cha Exceat walimpa mchuzi wa moto wa mboga wenye chumvi, ukamrudishia rangi usoni. Mzee mmoja wa kujitolea, muuguzi mstaafu, akamuangalia macho na ulimi, akamuuliza mkojo, akasema anaweza kuendelea kwa kutembea, ila asimame popote akisikia kizunguzungu. Zimebaki kilomita 13 hivi na ndo zile nzuri kuliko zote na ngumu kuliko zote, Seven Sisters, yani Dada Saba, vilima vilivyokatwa na bahari vikabaki kuta nyeupe, unapanda unashuka, unapanda unashuka, upande wa kulia kuna ukuta na chini yake mawimbi. Ukingoni husogei, chokaa inameguka wakati wowote. Tukawa tunavihesabu. Wanasema saba, sisi tulihesabu vinane. Kila tukifika kileleni Mtanga anasema jina la mtu wa kwao, kilima hiki cha mama, hiki cha binti yangu mkubwa, hiki cha marehemu baba. Cha nane alisema ni cha bibi yako wa Newala. Bibi una kilima huku.

Mbele yake kuna mnara wa taa wa zamani unaitwa Belle Tout, umejengwa juu ya ukingo, na bahari ilivyokuwa inaumega ukingo, mwaka 1999 waliunyanyua mnara mzima wakausogeza nyuma mita 17. Nyumba ya mawe, mzima mzima. Nikasimama nikautazama nikawaza nyumba yetu ya ufukweni ile ya babu ambayo maji yanaifikia kila bamvua. Mjomba tuongee hilo siku nyingine.

Beachy Head ni mita 162 kutoka baharini, ndo kilima cha mwisho, toka hapo unauona mji wa Eastbourne umelala chini. Ule mteremko wa mwisho ni nyasi tupu. Mtanga akasema, tukimbie hapa. Nikamwambia acha. Akasema, kidogo tu. Tukakimbia, kikombe kinagonga kong kong, polepole kama wazee wanavyokimbilia mvua, mpaka kwenye ukumbi. Jioni. Jua bado lipo.  Watu wote waliokuwa mle ndani wanakula wakaacha vijiko wakapiga makofi, kama walivyowapigia waliotangulia na waliokuja nyuma yetu. Kadi zetu zina matundu yote. Nimeibandika ya kwangu ukutani juu ya kitanda.

Mwili sasa, maana Mama utauliza. Kucha moja ya kidole gumba imekuwa nyeusi itatoka yenyewe. Malengelenge mawili kisiginoni, hapo nilikosea kutopaka vaselini mara ya pili nilivyobadilisha soksi. Siku mbili nilishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume. Siku ya tatu nilirudi kazini. Mtanga yuko mzima, alipimwa hospitali kwa ajili ya amani tu, hana tatizo, alikuwa amepungukiwa chumvi. Na kukonda sijakonda Shangazi, nimekaza.

Kwa hiyo Mama, hakuna aliyekuwa ananifukuza. Usiku nalala. Hilo ndo nilitaka ulijue. Mwaka wa kwanza nilikuwa silali hata nikiwa sina shifti.

Mdogo wangu, umeniandikia kwamba wewe na wenzio mnataka kufanya kama hii hapo nyumbani. Fanyeni, ila anzeni kidogo. Kutoka Mikindani mpaka Mtwara mjini ni kama kilomita 10, mnaweza kuanzia pale Boma la Kale mkaenda mpaka ufukwe wa Shangani, inatosha kabisa kwa mara ya kwanza. Tokeni mara tu baada ya Alfajiri maana saa nne jua la kwetu halina huruma, la huku mtu anaweza kukimbia saa saba mchana lakini hapo usithubutu. Msipite kwenye lami kwa ajili ya malori, tafuteni njia za ndani za minazi na mikorosho, na kwenye mashamba ya watu ombeni ruhusa mapema kwa wenyewe, hapo kwetu hatuna mishale ya njano. Kama mnapita ufukweni angalieni maji yanajaa saa ngapi. Msitoze hela. Kila mtu aje na kikombe chake. Kadi kateni kwenye maboksi, mtoboe kwa msumari. Na Mama akae kituo cha katikati na ndoo ya maji, ndizi, chumvi, na ming'oko na chachandu kidogo kwa anayetaka, Mama naomba ukubali, utawaona watoto wanavyofika kwako. Muwe wawili wawili toka mnaanza. Mtu asiachwe nyuma hata kama ni yule wa jirani anayejidai.

Nimeomba likizo mwaka kesho mwezi wa saba, kipupwe, na Mtanga amesema atapitia Tanga wiki moja afu anakuja kwetu. Tunataka kwenda Newala. Tunataka kuteremka ule mteremko mpaka bondeni na kupanda tena, na kikombe hikihiki.

Muulize Bibi vizuri, na uniandikie kama atakavyosema bila kufupisha: walikuwa wanatoka saa ngapi, walipita upande gani, na mahali pa kwanza kupumzika palikuwa wapi.

Mwanenu, Eastbourne